Mkono wa Kushoto wa Shamisen

Nilifika Maryland kwa basi kutoka Texas, safari ya siku mbili kasoro kidogo, na niliposhuka Washington miguu ilikuwa imevimba hata viatu vikakataa kufungwa kamba. Kabla ya Texas nilikuwa Minnesota, nikipanga masanduku katika ghala lenye baridi kuliko nje. Kabla ya Minnesota nilikuwa Doha, nikilinda mlango wa jengo ambalo sikuwahi kupanda hata ghorofa yake ya kwanza. Na kabla ya Doha kulikuwa na Kitale, ambako nilimaliza kidato cha nne, nikapiga gitaa kanisani, nikauza vipuri vya baiskeli, halafu asubuhi moja nikaanza kwenda na sijaacha. Watu wa nyumbani huniuliza kwenye simu ninatafuta nini. Nikiwa mahali hupakumbuka pale nilipotoka, na nilipokuwa huko nilikuwa nakumbuka kwingine.

Basi lilipita Arkansas na Tennessee gizani. Virginia tuliiona mchana: vilima vya kijani, ng'ombe weusi, ukungu juu ya malisho, nikaona kama milima yote ya Cherangani ya kwetu imehamishiwa dirishani. Mama mmoja aliyeketi kando yangu, ambaye alikuwa akitafuna karanga tangu Dallas, aliona nilivyobandika uso kwenye kioo akaniuliza kama ndiko kwetu. Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Stesheni nilipokewa na rafiki yangu Mkongomani tuliyefanya naye kazi kule Minnesota. Yeye alikuwa amehamia Adelphi, karibu na University Boulevard, katika nyumba za ghorofa ambazo ngazi zake hunukia kahawa ya Kihabeshi asubuhi na mahindi ya kukaangwa ya watu wa Salvador jioni. Mchana alifanya kazi ghalani Landover, na Jumapili alipiga ngoma katika kanisa la Wakongomani lililokodisha ukumbi nyuma ya duka la matairi. Alinitazama miguu, akatazama begi langu moja.

"Karibu, mon frère, ndugu yangu," akasema. "Hapa njo mwisho wa barabara. Mbele iko bahari tu. Sasa weye utaketi."

"Tutaona," nikamwambia.

"Utaketi! Ao utaogelea?"

Baada ya wiki chache nilipata kazi ya kumtunza bibi mmoja wa Kijapani huko Columbia, mji ule uliopangwa kwa rula, wenye ziwa la kuchimbwa na njia za kutembea msituni. Alikuwa na zaidi ya miaka themanini. Mumewe, Mmarekani, alikwisha kufa zamani. Aliishi na binti yake, aliyekuwa akiondoka alfajiri kwenda ofisini Washington na kurudi magharibi. Mimi nilifika anapoondoka, nikakaa na mama yake hadi arudi. Kiharusi kilikuwa kimemwacha bibi na mkono wa kushoto usiofuata amri. Ulilala mapajani mwake, naye aliuhamisha kwa mkono wa kulia, kama mtu anayemsogeza paka.

Kiingereza chake kilikuwa cha maneno machache na yote yamenyooka. Siku ya kwanza nilimwita Mama, kwa heshima ya kwetu.

"Mimi si mama yako," akasema. "Niite Mwalimu. Wote wananiita Mwalimu."

"Mwalimu wa nini?"

Akanionyesha kabati kwa kidevu.

Ndani ya mfuko wa karatasi nene kulikuwa na kitu nilichokiona mwanzoni kama banjo iliyokonda. Shingo ilikuwa ndefu, nyembamba, ya mti mgumu wa rangi ya damu ya mzee, haina vigawanyo vyovyote vya kumwelekeza mtu aweke wapi kidole. Mwili wake ulikuwa kisanduku cha mraba chenye pembe zilizoviringwa, kimewambwa ngozi mbele na nyuma kama ngoma. Nyuzi zilikuwa tatu, za hariri, za njano. Mwalimu alisema ile rangi ni manjano, binzari ya kutia mchuzi. Nikanusa. Hazikunukia kitu. Akacheka.

"Shamisen," akasema. "Leta hapa. Polepole. Hilo si gitaa."

Kumbe nilikuwa nimeshalipakata kama gitaa.

Alikuwa amefundisha chombo kile katika chumba cha chini cha nyumba ile tangu binti yake akiwa mdogo. Hakuwa amekipiga tangu kiharusi. Kazi yangu, nilidhani, ilikuwa kukitoa kikapata hewa, nikakifuta kwa kitambaa na kukirudisha. Lakini kila nilipokitoa alikaa kitini akakiweka kwenye paja la kulia, akalaza mkono mzima juu ya kisanduku, akashika bachi. Bachi ndiyo kifaa cha kupigia, kipande kipana cha mti kama mwiko bapa, ncha yake imechongwa ikawa na pembe mbili kali. Akapiga nyuzi tupu. Pigo moja lilitoa sauti mbili, uzi ukilia na ngozi ikidunda, kwa sababu bachi hupita kwenye uzi ikatua kwenye ngozi. Uzi mnene, ule wa juu, haukulia safi. Uliguna, ukabaki ukiguna, na ule mguno ulinifanya nisimame na kitambaa mkononi. Litungu, kinanda cha nyuzi cha majirani zetu Wabukusu, lilikuwa likiguna hivyo hivyo harusini. Nilipomwambia, alitaka kujua lina nyuzi ngapi.

"Saba, nane."

"Nyingi mno," akasema. "Mtu ana vidole vitatu vya kazi."

Siku moja mwishoni mwa kiangazi akaniambia nilete kigoda, nikae kushoto kwake. Akanivalisha kwenye kidole gumba na cha shahada kitambaa kidogo kilichofumwa, cha kusaidia mkono uteleze shingoni bila kunata. Kisha akasema, "Bonyeza hapa." Nikabonyeza. Akapiga. "Sasa hapa." Nikabonyeza, akapiga. Tukatoa sauti nne hivi zilizofuatana, naye akafumba macho. Alipoyafumbua alinitazama kama fundi anayekagua mbao za bei nafuu.

"Mkono wako ni mzito," akasema. "Utafaa."

Nilimuuliza kwa nini asimwombe mmoja wa wanafunzi wake wa zamani, wanaojua.

"Mwanafunzi atataka kupiga. Mimi ndiye ninayepiga. Nataka mtu wa kubonyeza."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mkono wa kushoto. Kila mchana baada ya chakula tulikaa, yeye kitini, mimi kwenye kigoda, bega langu nyuma kidogo ya bega lake. Hakunionyesha maandishi yoyote. Alinifundisha kwa mdomo: kila sauti ya chombo kile ina silabi yake, chin, ton, shan, na ukijua kuziimba umejua uzi gani, kidole wapi, pigo la kushuka au la kukwangua kutoka chini. "Chin, chin, ton," aliimba, nami namfuata. Mimi nililelewa na kwaya. Kwetu mtu akiimba mbele yako, koo lako lenyewe hutafuta mahali pa kujipanga chini yake. Basi siku ya tatu nikajikuta namwitikia kwa sauti ya pili, tamu kabisa, kama tuko mazoezi ya Pasaka.

Mwalimu akaacha kuimba. Akageuka kutazama mlango.

"Nani mwingine ameingia?"

"Hakuna, Mwalimu. Ni mimi."

"Mwambie atoke."

Kubonyeza kwenyewe nilikuweza baada ya wiki kadhaa. Sikio langu lilikuwa zuri, na ukingo wa ukucha ukaota mfereji mdogo wa uzi. Kilichonishinda ni kungoja. Wimbo aliotaka ulikuwa mfupi, wa majira ya baridi, alioupata kwa mwalimu wake akiwa msichana. Katikati yake palikuwa na mahali bachi inapiga uzi mnene mara moja, halafu hakuna kitu. Si mapumziko ya kuhesabu. Unakaa ndani ya ule mguno mpaka uishe wenyewe. Kanisani kwetu kukiwa kimya hivyo, maana yake mtu amesahau zamu yake, na watu huanza kukohoa. Mkono wangu ulikimbilia mahali pa sauti inayofuata, na kidole kikiinuka, mguno unakatika.

"Unaondoka kabla sauti haijaondoka," aliniambia.

"Samahani, Mwalimu."

"Usiombe samahani. Kaa."

Rafiki yangu alinikuta mara nyingi sebuleni Adelphi nikibonyeza mpini wa ufagio.

"Ule ufagio unalipa kodi?" akauliza. "Naona munapendana."

Mnamo Novemba nikapigiwa simu na mtu niliyemjua Texas. Alikuwa Alaska, kwenye kiwanda cha samaki, akasema wanachukua watu na anayetaka awe amefika kabla ya Krismasi. Sikuwa na shida na Columbia wala na Adelphi. Lakini nilipoikata ile simu miguu ilianza kuniwasha, na usingizini nikaona milima yenye theluji ambayo sijawahi kuifikia, nikaikumbuka kabla ya kuiona. Nikamwambia Mwalimu kwamba nitaondoka katikati ya Desemba. Alikuwa akinywa supu.

"Nenda," akasema. "Mkono wako wala si mzuri hivyo."

Akaendelea na supu. Jioni binti yake alinivuta jikoni, akafungua bomba la maji ili mama yake asisikie.

"Amekwambia kuhusu kupiga kwa kwanza?"

"Hapana."

Akanieleza. Kwao, watu wa shamisen hukutana siku za mwanzo za Januari, kila mmoja amevaa vizuri, na mwalimu hupiga kwanza. Ndivyo mwaka unavyofunguliwa. Tangu utotoni mama yake hakuwahi kukosa kupiga huko, hata mwaka aliozaa. Januari iliyopita alikuwa kitandani hospitali.

"Mwaka mzima huu amekuwa akizungumza kana kwamba haujaanza," binti akasema. "Ukimuuliza tarehe anakwambia ya mwaka jana. Daktari anafikiri ni ugonjwa. Mimi namjua, ni ukaidi. Na Machi kazi yangu inahamia Seattle, kaka. Nyumba itauzwa. Kule hakuna mwanafunzi wake hata mmoja. Hii inayokuja ndiyo Januari yake ya mwisho hapa. Akipiga, najua atakwenda. Asipopiga, sijui nitamtoaje kwenye kile kiti."

Sikumwahidi kitu. Nilifunga bomba, nikavaa koti, nikaenda zangu. Lakini barabara ya ishirini na tisa, ya kurudi Adelphi, ilikuwa ndefu siku ile kuliko kawaida.

Wiki yangu ya mwisho, kama nilivyodhani, gari langu kuukuu, nililolinunua kwa mshahara wa kwanza, likagoma. Mvua ya Desemba ilinyesha mfululizo. Wiki ile rafiki yangu alikuwa amepangiwa zamu ya jioni, akajitolea kunipeleka Columbia, na kwa kuwa mvua ilizidi nikamkaribisha ndani. Nilikuwa nimekitoa chombo tayari kwa mchana. Mimi nikaenda chumbani kumvika Mwalimu soksi zake, yeye akabaki sebuleni.

Mpiga ngoma ukimwacha na ngozi iliyowambwa, ataigonga tu. Aliigonga kwa kidole. Akasikia imelala. Kule kwao, na kwetu vilevile, ngoma iliyopata unyevu huamshwa kwa moto kabla ya ibada. Mtu asiyeamsha ngoma ni mvivu. Akatafuta moto. Nyumba zile zina matundu sakafuni yanayopuliza hewa ya joto, akakiegemeza pale, mgongo kwa tundu, akakaa kukilinda kisianguke.

Tulisikia pa! kama ubao umevunjwa gotini.

Nilipofika mbio rafiki yangu alikuwa amesimama, mikono juu ya kichwa.

"Mi nilikuwa nataka kuisaidia tu," akasema. "Mon frère, nilikuwa naiamsha!"

Mwalimu alikuja taratibu na fimbo yake, soksi moja mguuni. Aliketi, akanionyesha nikigeuze. Ngozi ya nyuma ilikuwa imepasuka kutoka ukingoni hadi katikati. Aliingiza kidole kwenye ule mpasuko, akautembeza wote.

"Ya nyuma," akasema mwisho. "Umechagua ya nyuma. Asante."

Rafiki yangu aliniomba nimtafsirie kila neno la msamaha, kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa kimekimbia. Nikamweleza Mwalimu mambo ya ngoma na moto. Akasikiliza hadi mwisho.

"Na za kwenu hazipasuki?"

"Hazipasuki, Mama," rafiki yangu akajibu, nami nikatafsiri.

"Ni ngozi ya nini?"

"Ng'ombe. Mbuzi."

"Hii ni ya mbwa," akasema Mwalimu. "Mbwa hapendi kukaangwa."

Nilipotafsiri, rafiki yangu aliutazama mkono wake, akaufuta kwenye suruali. "Mbwa? Mon frère, asubuhi yote nimeshika mbwa, na nimekula sandwich?"

Ndipo Mwalimu alipocheka, na mimi nikaona anavyocheka huku mkono wake mzima umekaza ule mpasuko kwa vidole viwili, kama mtu anayeshikilia jeraha ili lisifunguke zaidi. Mafundi wa kuwamba ngozi zile wako Japani, alisema. Kupeleka na kurudisha ni miezi. Hapo Columbia alikuwa na shamisen nyingine, ya wanafunzi, yenye ngozi ya plastiki, nikaitaja.

"Ile ni sahani," akasema. "Mwaka haufunguliwi kwa sahani."

Kisha akasema kwamba alipokuwa mdogo, baada ya vita, ngozi hazikupatikana, na watu waliwamba kwa karatasi. Karatasi alikuwa nayo kabatini, nyeupe, nzito, yenye nyuzinyuzi. Gundi yake ni unga wa mchele wa kunata, unaosongwa na maji kidogo sana kwa muda mrefu. Aliomba unga huo utolewe jikoni, akamkabidhi rafiki yangu mwiko.

"Koroga. Kaza. Usifanye uji."

"Uji?" Rafiki yangu alipoona ni unga na mwiko, rangi ikamrudi. "Mama, mi nasonga bukari tangu niko mutoto."

Alisonga. Jasho lilimtoka. Mwalimu alisimama kando yake akichovya kidole, akikataa, akichovya tena. Bukari ndiyo ugali wao, na ugali ukiiva hujitenga na sufuria. Ile gundi haikujitenga na chochote, ilishika mwiko, sufuria na ndevu zake. Ilipokuwa tayari tulibandika karatasi tabaka kwa tabaka, mimi nikishika, yeye akipaka, Mwalimu akiamuru, na zamu ya Landover siku ile ikaanza bila yeye. Kiraka kile kilikuwa na sura ya kiraka cha suruali ya shule. Mwalimu alituamuru tukiache chombo mbali na joto na mbali na dirisha, na asikiguse mtu.

Njiani kurudi, tulipofika Burtonsville, rafiki yangu alipiga usukani kwa kiganja.

"Weye utaenda Alaska, na mimi nimeua ngoma ya mama," akasema. "Nani atamushikia?"

Kesho yake nilimpigia yule mtu wa Alaska nikamwambia asinisubiri. Akanitukana kidogo, kirafiki, akasema samaki hawatanisubiri pia. Nilipomwambia Mwalimu kwamba nimebaki, alinyanyua kidevu kuelekea kigoda.

"Umekosa siku moja," akasema. "Keti."

Karatasi ilipokauka tulijaribu. Ngozi ya nyuma ndiyo inayoipa sauti tumbo, na sasa tumbo lilikuwa la karatasi. Ilitoka sauti nyembamba, imekwaruza. Mwalimu alisikiliza, kichwa upande.

"Ina mafua," akasema. "Na mimi nina mafua. Twende."

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya mwanzo wa Januari, mchana, jua kali juu ya theluji kidogo. Wanafunzi wake wa zamani walikuja, wengi wao wana mvi, wakiacha viatu mlangoni. Mmoja alikuwa mzee Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu, aliyejifunza Kiswahili chuoni ujanani na shamisen uzeeni. Aliponisikia nikisema na rafiki yangu alinijia ameinamisha kichwa.

"Shikamoo, ndugu," akasema.

Angeweza kunizaa. Sikujua niitike vipi. Rafiki yangu, aliyetoka kanisani na suti yake ya bluu, akaitikia kwa niaba yangu, "Marahaba, kijana," nao wakashikana mikono kwa furaha.

Mwalimu alikuwa amevaa kimono ya kijivu ambayo binti yake alitumia asubuhi nzima kuifunga. Aliagiza rafiki yangu akae mbele, sakafuni, mahali pa mgeni mkubwa. Kisha tukaketi. Nikavaa kile kitambaa vidoleni. Sikuweza kuona uso wake, niliona tu sikio lake na nywele nyeupe nyuma yake, na nilijua binti yake amesimama mlangoni mwa jikoni na mikono yote miwili mdomoni.

Mwalimu akanong'ona silabi ya kwanza, kwa ajili yangu tu. Chin.

Tulianza. Sauti ilitoka na mafua yake, lakini bachi yake ilitua palepale inapotakiwa, nami nikabonyeza, nikateleza, nikabonyeza. Karibu na katikati uzi mwembamba ukaanza kulegea. Hariri huvutika, hata mpigaji hodari hukaza vigingi huku akipiga, na kigingi kiko upande wa mkono wa kushoto. Akanyanyua kidevu nusu ya nukta. Nikapandisha mkono, nikakaza kidogo, nikarudi, na hakuna aliyegeuka. Kisha tukafika pale.

Akapiga uzi mnene. Ukaguna. Kidole changu kilikuwa juu yake na niliusikia mtetemo ukipanda kwenye mfupa. Nikataka kwenda. Nilisikia theluji ikidondoka kutoka paa, friji ya jikoni ikiwaka, mtu akivuta pumzi. Mguno ukapungua, nikadhani umekwisha, haukuwa umekwisha; kulikuwa na kidogo chini yake, na kidogo zaidi chini ya hicho. Nikakaa. Sijui ilikuwa muda gani. Najua tu kwamba kwa muda ule sikumkumbuka mtu wala mji wowote. Halafu bega lake likasogea, nikasogea nalo, tukamaliza sehemu ya pili.

Hawapigi makofi pale. Waliinama, naye akainama kadiri alivyoweza. Rafiki yangu, asiyejua, alisema "Amina!" kwa sauti ya kanisani, na mzee wa shikamoo akamuunga mkono. Mwalimu akawatakia wote mwaka mpya. Alitaja mwaka wenyewe, ule tuliokuwamo, kwa usahihi, na binti yake akaingia jikoni ghafla na kubaki huko.

Baadaye, wanafunzi wakipiga zamu zao, Mwalimu alikula sahani mbili za vyakula alivyokuwa akikataa kwa miezi. Aliniita.

"Mwambie binti yangu," akasema, mdomo umejaa, "hiyo nyumba sasa wanaweza kuiuza."

Iliuzwa Machi. Nilibaki hadi mwisho, nikifunga vyombo kwenye masanduku, kazi niliyoizoea. Tuliendelea kupiga mchana, hata sebule ilipobaki na kiti na kigoda tu. Mtu wa Alaska alinipigia tena. Samaki wa kiangazi walikuwa karibu. Nikamwambia nakuja kwa gari.

Siku ya kuondoka kwao ndiyo ikawa siku yangu pia. Asubuhi Adelphi rafiki yangu alinisaidia kushusha begi, ambalo bado lilikuwa moja, akaweka kando yake mfuko wa samaki wakavu.

"Alaska kuna samaki wengi," nikamwambia.

"Iko samaki, haina ladha. Beba." Alifunga buti. "Nilisema utaketi. Uliketi kidogo."

"Niliketi."

"Vraiment, kweli. Hata mi nilishangaa."

Niliwapeleka Mwalimu na binti yake uwanja wa ndege wa Baltimore. Shamisen tuliitenganisha shingo vipande vitatu, kama inavyotengenezwa ili isafiri, tukaipanga katika sanduku fupi ambalo Mwalimu alilipakata kwenye kiti cha magurudumu. Seattle, binti alisema, wangetafuta namna ya kuipeleka kwa mafundi ipate ngozi. Mwalimu alisema haina haraka.

Kwenye kaunta mfanyakazi kijana alilinyooshea sanduku mkono.

"Hili linakwenda chini na mizigo, bibi?"

"Hapana."

"Lina nini?"

"Shamisen. Chombo cha muziki."

"Wewe ndiye unayepiga?"

Mwalimu alitazama mkono wake uliolala juu ya sanduku, kisha akanielekezea kidevu nilikosimama na mifuko yao.

"Mimi na yule," akasema.

Kijana alitutazama wote wawili, akasubiri maelezo, hakuyapata, akabandika alama ya kuingia nalo ndani. Binti alinikumbatia. Mwalimu hakukumbatia watu. Aliniambia nisiendeshe kwa kasi na nile kitu cha moto kabla ya Pennsylvania, kisha wakasukumwa kuingia, na sikuweza kuwafuata zaidi ya pale.

Nilirudi garini. Barabara ya kwenda Adelphi ilikuwa kushoto, na ya kaskazini kulia. Nikakata kulia, nikala wale samaki wakavu mmoja baada ya mwingine hadi mpakani mwa Pennsylvania, na dirisha wazi kwa ajili ya harufu.